Waliolala Hapa

Nyumba ya tatu, Chikongola, bati limeota kutu upande wa choo.
Kishikwambi kimebaki na chaji asilimia kumi na tisa.
Nauliza kama nilivyofundishwa, neno kwa neno:
nani alilala hapa usiku wa kuamkia siku ya sensa?

Bi Somoe Nampoto habandui macho kwenye jiwe lake.
Anabangua korosho za mwaka jana,
vidole vimeungua kwa mafuta ya maganda.
"Kulala," anasema, "hilo ni neno kubwa.
Andika waliojinyoosha."

Basi naandika waliojinyoosha.
Mwanamke mmoja, miaka sitini hivi,
alizaliwa mwaka waliong'oa reli, tarehe haijui.
Wajukuu wanne juu ya godoro moja,
sasa wako kizingitini wanamenya ming'oko ya moto,
mdogo kanyoosha mkono anipe mmoja, kaurudisha.
Mama yao yuko Masasi, anapikia wapakuzi ghalani.
Huyo atahesabiwa hukohuko.

Na chumba cha mbele?
Ausi Chilumba, mpangaji, mlinzi.
Hakulala. Alikuwa Shangani, analinda
nyumba ya vyumba saba iliyojengwa enzi ya gesi,
vyoo vinne, jenereta, hakuna aliyewahi kuvua viatu ndani.
Kanuni yangu inasema mlinzi ahesabiwe kwake.
Kuhusu vyumba saba, kanuni imenyamaza.

"Enzi hiyo," anasema Bi Somoe,
"chumba hicho alikaa fundi wa kuchomelea mabomba.
Elfu themanini kwa mwezi! Alilipa mwaka mzima
kabla hajauliza choo kiko wapi.
Nikahamia jikoni na watoto,
nikakopa, nikaanzisha viwili pale nyuma."
Ananionyesha kwa kidevu:
kimoja kina kuni na baiskeli isiyo na mnyororo,
kingine kimefika kwenye linta, ndani umeota mpapai.
Ausi analipa elfu ishirini na tano,
mwezi huu kaleta kumi na tano na samaki.

Mkuu wa kaya ni nani?
Anaacha kubangua.
"Wapo wawili. Ausi anayelipa,
na mimi ninayedaiwa."
Kishikwambi kinakubali mmoja tu.

Nafunga begi. Ananishika kwa sauti:
"Mwanangu, hujaniuliza bei."
Namwambia bei si kazi yetu, ina watu wake,
watakuja siku nyingine na makaratasi yao.
"Siku nyingine bei itakuwa nyingine."
Narudi kwenye mkeka.
Chini kabisa ya fomu pana kisanduku kidogo,
*maoni ya karani*, ambacho hakuna anayekijaza.
Nakijaza.

Unga kilo 1,800. Mkaa kopo 1,000.
Maji ndoo 100, yakitoka.
Mafuta ya kula: kifuko cha kufunga fundo, 500, siku moja.
Umeme wa buku unaisha Jumatano.
Daftari mawili, na la tatu mwalimu kas

Herufi zimekwisha, kinasema kioo.
"Umeandika la mwalimu?"
Nusu, nasema.
"Basi kasome hivyohivyo huko mjini."
Kana kwamba hapa ni shamba.

Naandika namba ya kaya kwa chaki, juu ya bawaba.
Mjukuu wa pili anaifuta nusu kwa kiganja,
anacheka, naandika tena.

Jioni narudi kwangu Magomeni.
Mlangoni pana chaki ya mwenzangu.
Jirani alinijibia, mchana nikiwa kwa watu:
mwanaume, mmoja, hajaoa,
ndiyo, alilala hapa.

Usiku ule nilikuwa chali
nagawanya posho ambayo haijaingia:
kodi, deni la dukani, nauli ya kwenda kuidai.
Kila mara ilibaki mia nne.
Nikaanza upya kuigawanya.